Nondo Kumi na Tano: Kisa cha Kupandisha Ghorofa Ngamiani

Nyumba iko Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara za namba. Mbele kuna fremu tatu: vipuri vya pikipiki, saluni na wakala wa fedha. Nyuma kuna vyumba vitano na uani. Juu hakuna bati. Kuna slabu bapa ya zege, simtanki moja, kamba za nguo, dishi lililokufa zamani, na vishungi vya nondo vilivyosimama kama mahindi yaliyokosa mvua. Marehemu mwenye nyumba aliviacha makusudi, na kila apitaye barabarani anaelewa maana yake: hapa itapanda ghorofa, Mungu akijalia.

Marehemu hakuifikia siku hiyo. Walibaki mjane wake na watoto watatu, wawili hapa Tanga na mmoja Dar. Huyu wa Dar ndiye aliyekuwa na haraka. Alikuwa amesikia habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani hapa Tanga, na wageni wanaotafuta vyumba vyenye choo ndani. Hesabu alishaipiga kwenye simu: ghorofa mbili juu ya slabu, vyumba sita kila moja, kodi ya miezi sita mbele. Kwangu alitaka picha za droni na modeli ya pande tatu, "ili benki wakiona waelewe". Neno injinia halikutajwa. Nondo si zipo?

Yanayoweza kuwatambulisha nimeyaficha. Kisa chenyewe nakieleza kwa sababu hesabu ya yule kijana wanayo wengi Tanga, na siku hizi kuna droni ya kuipamba.

Niseme ukweli mapema: kwa nyumba moja ya kawaida, ngazi na tepu vinatosha. Kupima paa la upana wa mita tisa na urefu wa mita kumi na saba ni kazi ya watu wawili, asubuhi moja. Hapa nilikubali kurusha kwa sababu mbili. Kwanza, nilipopanda mara ya kwanza, sehemu ya nyuma ya slabu ilinitia shaka miguuni. Haikutikisika, lakini nilipofika katikati nilijikuta nateremka kidogo, na sikupenda kuwapandisha vijana wangu pale kabla ya kujua. Pili, jirani wa kushoto alikuwa akilalamika miaka yote kwamba maji ya mvua ya paa hili yanamwagikia ukutani kwake. Ghorofa ikipanda bila hilo kumalizwa, kesi ingepanda nayo.

Habari ya kibali niipite haraka, ingawa yenyewe haipiti haraka. Droni si simu ya kutoa mfukoni ukapiga picha. Kanuni za usafiri wa anga za 2018 zinataka chombo kisajiliwe na mrushaji awe na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hupandi zaidi ya futi 400 kutoka ardhini. Juu ya hayo, uwanja wa ndege wa Tanga uko pale pale pembeni ya mji, kilomita chache tu magharibi. Karatasi zilichukua siku nyingi. Kuruka kulichukua dakika kumi na mbili.

Kilichohitaji akili zaidi ni stara. Ngamiani nyumba zimebanana, na uani ndiko maisha yaliko: wanawake wanapika, wanasukana, wanafua, wamekaa na kanga moja. Kamera ikielekezwa chini wima inaona paa la mteja na vipande vya jirani. Ikilazwa nyuzi 45, kama modeli nzuri ya pande tatu inavyotaka, inaingia uani kwa watu watano. Siku moja kabla nilikwenda na mjumbe kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Mama mwenye nyumba aliponiona na lile begi alinisimamisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho kidude kitaona mpaka chumbani kwa watu?"

Nikamwambia chumbani hakioni, uani kinaona. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ruka wakiwa sokoni." Ushauri bora kuliko wote niliopata katika kazi ile. Tuliruka saa mbili na nusu asubuhi, kwa taarifa, na picha za kulaza tukazipiga kamera ikiwa imetazama ndani tu, kuelekea nyumba ya mteja. Kuta za nje tulizimalizia kwa kupiga picha tukiwa chini barabarani. Baadaye nilikata kila kilichozidi mpaka wa kiwanja kabla ya kumpa mtu yeyote faili. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, mtu hupigi picha uani kwa jirani ukaipeleka benki.

Ulikuwa msimu wa kusi, na saa hiyo upepo haujaamka vizuri. Tulipanda mita 40 na kupiga picha kama mia na arobaini, kila moja ikilalia iliyotangulia kwa asilimia 80. Kwa kamera ile na kimo kile, doti moja ya picha ni sentimita moja na kidogo juu ya paa. Pembeni tuliweka alama tano, vipande vya plaiwudi vilivyopakwa nyeusi na nyeupe, tukavipima kwa GPS ya wapima ardhi ili programu ya kompyuta inayounganisha picha ipate pa kushikia. Kunguru wawili walikifukuza chombo mpaka kikashuka mapema kuliko nilivyopanga. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu hawaogopi mtu wala mashine.

Programu ilipomaliza kuchakata tulipata vitu viwili. Cha kwanza ni picha-ramani ya paa, iliyonyooshwa, ambayo unaweza kupimia kama mchoro. Cha pili ni modeli ya pande tatu, ndiyo aliyoitamani kijana wa Dar. Ilipendeza kweli. Unaizungusha kwenye simu, unaona fremu, kibao cha saluni, hata ndoo iliyosahauliwa juu. Lakini waya wa umeme unaopita mbele ya kona ya kulia haukuwemo. Nguzo ipo, waya hakuna. Ndivyo modeli za picha zilivyo: kitu chembamba kinachoning'inia huwa hazikishiki, na bati linalong'aa au tangi lenye mwanga hutoka na matundu au matuta yasiyokuwepo. Mtu anayechora roshani kwa kutazama modeli tu ataipeleka moja kwa moja kwenye waya. Tuliupima waya kutoka chini na kuuchora kwa mkono.

Sasa nije kwenye paa lenyewe.

Picha-ramani ilionyesha duara. Sehemu ya nyuma ya slabu kulikuwa na madoa ya vumbi na ukungu yaliyozungukana, duara ndani ya duara, kama alama anazoacha mtu kwenye meza kwa kikombe cha chai. Hapo maji ya mvua hutuama, yakakauka taratibu, kila mvua ikaacha mstari wake. Vipimo vya kimo vikasema katikati ya duara pamebonyea sentimita tatu na nusu kuliko kingo, kwenye nafasi ya mita nne na ushee.

Nilijizuia kufurahi. Kwa kazi ya aina ile, kosa la kimo linaweza kufika sentimita mbili tatu, kwa hiyo bonde la tatu na nusu liko mlangoni mwa kosa. Tulirudi na kamba na pima maji, tukavuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta tukiwa tumelala kifudifudi juu ya mbao ndefu, tukapata tatu na nukta nne. Bonde lipo. Tukashuka chini ya slabu, ndani ya chumba kikubwa cha nyuma, tukavuta kamba tena darini. Dari nalo limeshuka, na plasta ina nyufa nyembamba zinazokwenda upande mmoja. Bonde la juu peke yake lingeweza kuwa zege lililomwagwa vibaya siku ile. Likiwa juu na chini, pamoja na nyufa, slabu inakuambia imechoka kabla hujaipandishia kitu.

Mambo ya maji ya jirani nayo yalimalizwa na picha hiyo hiyo, tena upande usiotarajiwa. Mwinamo wa mbele kweli unapeleka maji kwake, alikuwa na haki. Ila maji mengi hayafiki kokote. Yanabaki kwenye lile bonde, yanazama humo. Mzee jirani alipoona picha alicheka. "Miaka kumi nagombana na paa, kumbe lenyewe linajinywesha."

Lakini kilichobadilisha kesi nzima ni nondo.

Kwenye picha-ramani vishungi vyote vinaonekana, kumi na tano, kila kimoja na kivuli chake cha asubuhi. Nilikuwa nimepima pia nyumba kwa ndani, chumba kwa chumba, kwa tepu. Usiku ule nikalaza mchoro wa chini juu ya picha ya paa, nikilinganisha kwa kona nne za nje na matundu mawili ya mabomba. Vishungi tisa vya mbele vikakaa sawasawa juu ya nguzo tisa, tatu kwa tatu. Sita vya nyuma havikukaa. Viwili vilikuwa juu ya pembe za ukuta wa tofali. Vinne vilivyobaki havikuwa juu ya kitu: kimoja kiko katikati ya jiko, kimoja juu ya korido, kimoja juu ya bafu, na kimoja juu ya kitanda cha binti mkubwa. Nguzo hakuna, boriti hakuna. Nondo zimeota kwenye slabu kama nywele.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea kona. Asubuhi nilikwenda jikoni, nikasimama chini ya mahali kishungi kilipo, nikatazama juu. Dari jeupe, tena lenye masizi.

Historia ikatoka kidogo kidogo. Sehemu ya mbele ilijengwa kwanza, kwa nguzo, na fundi aliyekuwa na mchoro. Ya nyuma iliongezwa miaka baadaye, marehemu alipouza minazi yake Pangani, kuta za tofali tupu na slabu juu. Tulimpata fundi wa awamu ya pili, mzee sasa, tukakaa naye barazani. Sikumlaumu, naye hakujificha. Alisema alimwambia mwenye nyumba kwamba huku nyuma hakuna nguzo. Marehemu akamjibu ziwekwe hivyo hivyo, zionekane kutoka barabara ya pili, kwa sababu nyumba isiyo na nondo juu watu wanasema imekwisha.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza. Hakusema kitu.

Hapo mama mwenye nyumba akakubali tumwite injinia aliyesajiliwa, na mimi nikawa msaidizi. Wengi wanaodai droni "inafanya ukaguzi wa jengo" huliruka jambo hili. Droni haioni nondo ndani ya zege, haioni msingi, haijui udongo. Inakuonyesha pa kuuliza. Injinia alifanya mambo ya kizamani: nyundo ya Schmidt kugonga ugumu wa zege, kipande cha zege kilichokatwa na kupelekwa maabara, kufungua slabu mahali pawili kuhesabu nondo, na mashimo mawili ya kutazama msingi. Lile bonde ndilo lililompa mahali pa kufungua. Bila picha angeweza kuchagua popote. Mbele, chini ya nguzo, tulikuta kitako cha zege cha sentimita 120 kwa 120, chini mita moja na nusu. Nyuma, tofali zilianzia nusu mita tu chini, juu ya mkanda mwembamba wa zege kwenye udongo mwekundu wa kichanga. Nondo za slabu ya nyuma zilikuwa nyembamba, zimeachana mno, na moja tuliyoifungua ilikuwa imeshaanza kutoa magamba ya kutu. Chumvi ya pwani haina haraka, lakini hailali.

Halafu uzito. Slabu ya unene wa sentimita 15 peke yake ina kilo 370 hivi kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita, kimo cha mita tatu, unakaribia tani moja kwa kila mita ya urefu. Weka plasta, vigae, watu na makabati yao, ghorofa kamili ya kawaida inafika tani moja hivi kwa kila mita ya mraba. Paa lile lina mita za mraba 153. Kwa ghorofa mbili za kijana wa Dar, zilizofunikwa tena na slabu ili wajukuu nao waongeze, ni tani mia tatu. Mchanga wa karibu fuso arobaini za tani nane nane, umepandishwa juu ya nyumba ambayo nusu yake imekaa kwenye tofali.

Kijana hakufurahi. Alinipigia simu usiku: "Kaka, kazi yako ilikuwa picha." Ni kweli. Na kama ningempa ile modeli peke yake, msanii angemchorea ghorofa mbili juu yake kwa siku moja, vioo na taa, na ingependeza. Mwaka 2013 ulitosha kutufundisha: Machi 29 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36; Aprili 24 Rana Plaza ya Bangladesh, iliyokuwa imeongezewa ghorofa juu bila kibali, ikaua zaidi ya 1,100.

Wazo la kujenga juu ya vilivyopo si la kipuuzi, nisieleweke vibaya. Ujerumani utafiti wa 2019 ulikadiria kwamba kwa kupandisha ghorofa juu ya majengo yaliyopo, pamoja na kugeuza ofisi tupu kuwa nyumba, kunaweza kupatikana makazi milioni 2.3 hadi 2.7 bila kununua kiwanja kipya. Wenzetu wana michoro ya majengo yao kwenye makabati. Sisi mara nyingi tuna kumbukumbu ya fundi, na fundi akifa mchoro umekufa. Ndiyo maana naona droni ina kazi kubwa zaidi kwa mtaa kuliko kwa nyumba. Zanzibar walipiga picha visiwa vyote kwa droni kuanzia 2016, na Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 kwa ajili ya mafuriko. Kwa dakika zile zile kumi na mbili tungeweza kupata barabara nzima ya Ngamiani: slabu zipi, bati zipi, madoa ya maji wapi, nyaya wapi. Kisha injinia aanze na mapaa kumi yenye dalili nzuri badala ya kubahatisha. Picha ya juu bila mchoro wa chini, hata hivyo, isingetuambia lolote kuhusu zile nondo nne.

Uamuzi wa mwisho haukumfurahisha mtu yeyote kikamilifu. Mbele, juu ya nguzo tisa, ghorofa moja. Slabu ipo tayari, inageuka kuwa sakafu. Kinachoongezeka ni kuta na paa tu. Kuta za fremu ya chuma chepesi na bodi, juu bati, uzito robo hivi ya ghorofa ya zege. Kwa kuwa ni nyepesi, hofu inageuka: upepo wa kusi usije ukaing'oa, kwa hiyo nondo za nguzo tisa zinakatwa na vitako vya chuma vinafungwa kwa bolti mahali pake. Vyumba vitatu vyenye choo, si kumi na mbili. Nyuma hakupandi kitu. Slabu inawekewa boriti ya chuma chini kwenye chumba kikubwa, juu inapewa mwinamo na kizuia maji, na simtanki ya lita 2,000, yaani tani mbili zilizosimama mahali padogo, inahamia mbele juu ya nguzo. Roshani ya kona ya kulia ilifutwa kwa ajili ya waya.

Kwenye karatasi kulikuwa na foleni nyingine. Kabla ya kibali cha ujenzi ilibidi mirathi ifunguliwe na msimamizi ateuliwe, maana hati bado ilikuwa na jina la marehemu. Binti mdogo, mwenye akili ya biashara kuliko kaka yake, aliulizia Sheria Namba 16 ya 2008, ile inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake. Anataka vyumba vya juu viandikwe peke yake ili benki ikija kudai isishike na fremu za mama. Hilo wameliachia wakili.

Nilirudi siku nondo zinakatwa. Kijana wa grainda alianza mbele, kwa kipimo, kila kishungi sentimita kadhaa kutoka kwenye slabu. Nyuma alikuwa ameambiwa akate chini kabisa, afukie na mota. Alipofika kile cha juu ya jiko, mama alipanda ngazi mpaka nusu, kichwa kikatokeza.

"Hicho kiache."

Kijana akanitazama mimi. Mama akaonyesha kwa kidole kamba ya nguo iliyofungwa pale, na shuka mbili mbichi juu yake.

"Nitaanika wapi?"

Tukakiacha.